Mkono Mwekundu wa Roboti

Nilipofika darasa la sita wazazi wangu walinitoa Ihanja wakanipeleka Ikungi kukaa na shangazi, dada yake baba, kwa sababu shule ya pale ilisifika kwa kufaulisha. Shangazi alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya uwanja wa mnada, cherehani mbili, na mguu wa kulia usiotulia. Hata akiwa kwenye kigoda anachambua mlenda, mguu ule ulikanyaga chini, kanyaga, kanyaga, kama vile kuna nguo ya mteja inasubiri. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na hawakujaliwa mtoto. Kila baada ya miezi michache alitangaza kwamba anahama. Mara anahamia Manyoni, mara Singida mjini, mara Dodoma. Mwaka ule nilioanza kukaa naye aliwahi hata kufungasha vyombo, akavifungua kesho yake asubuhi bila kueleza kitu.

Mimi nami sikuwa mtulivu. Nilikuwa mgeni shuleni, sina rafiki, na siku ya mnada ndiyo pekee niliyoingoja. Siku hiyo alikuja mfanyabiashara mmoja wa mitumba kutoka Singida mjini, mtu wa makamo, mwenye Kiswahili laini cha watu ambao babu zao walitoka pwani. Alifungua marobota yake karibu na kibanda chetu. Nguo alizitundika, viatu akavipanga, na vitu vya watoto akavimwaga juu ya turubai: midoli isiyo na nywele, magari yasiyo na matairi, na roboti za plastiki ambazo ukizikunja zinageuka kuwa mashine. Siku moja shangazi aliokota moja ya njano, akaigeuza miguu, ikamkwamia katikati, si roboti wala si gari. Alihangaika nayo mpaka jasho likamtoka. Yule mfanyabiashara aliichukua, akaikunja kwa vidole viwili huku anaongea na mteja mwingine, ikawa greda.

"Wenzetu wana kazi," shangazi akasema.

Jarida la kwanza lilikuja kwetu kwa sababu ya zipu. Zipu ya begi kubwa la yule mfanyabiashara ilikuwa imekufa, shangazi akaibadilisha, naye akaniambia nichague kitu chochote kwenye turubai. Nilikuwa nimeshaliona. Lilikuwa jarida la katuni la Kiingereza, namba saba, lenye roboti zilezile za plastiki lakini humo zikiwa hai, kubwa kama nyumba, zinaongea. Kwenye jalada palikuwa na doa la gundi pale ambapo zamani kilibandikwa kiroboti cha zawadi. Kiroboti chenyewe kilikuwa kimeondoka na mtoto mwingine, nchi nyingine.

Jioni ile, kabla hakujaingia giza, shangazi aliniambia nimsomee. Yeye aliishia darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa salamu tu. Changu kilikuwa cha darasa la sita. Lakini picha zilitubeba. Kulikuwa na roboti wa kijani aliyegeuka kuwa lori la kuchimba visima, kama yale yanayopita Ikungi kuelekea vijiji visivyo na maji. Kulikuwa na mwekundu aliyegeuka kuwa katapila. Majina yao yalikuwa marefu na magumu, kwa hiyo tuliwaita wa Kijani na Mwekundu. Kurasa za mwisho, jabali lilimwangukia wa Kijani likamponda mkono wa kushoto. Mwekundu akasimama juu yake, akamwinamia, akasema maneno machache. Jarida likaishia hapo.

"Kasema nini?" shangazi akauliza.

Nilitazama sentensi. Nilijua neno la mimi, nilijua neno la wewe, na katikati palikuwa na neno ambalo nilikuwa nimelisikia kila siku kwa mafundi wa pikipiki pale stendi.

"Anasema, nitakupa spea."

"Spea ya nini?"

"Ya mkono, shangazi. Si umepondeka?"

Shangazi alilichukua lile jarida, akaisogeza picha karibu na uso. "Atamtolea wapi spea huko jangwani?" akauliza. Hakuniuliza mimi hasa.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilikuwa watu wawili wanaosubiri namba nane. Siku ya mnada sikusikia somo la mwisho. Kengele ikigongwa nilikuwa nimeshafunga mkoba, nakimbia hadi kwenye turubai nikiwa na vumbi mpaka magotini. Nampa mfanyabiashara shikamoo yake na hapohapo naanza kupekua. Hakukuwa na namba nane. Alituambia kwamba yeye hachagui, anafungua robota na kukuta kilichomo. Shangazi alimwambia afungue mengi zaidi. Katikati ya wiki nilichora roboti nyuma ya daftari la hesabu, nikachapwa kwa hilo. Shangazi naye alishona suruali ya mzee mmoja miguu yote miwili upande wa kushoto, mzee akaja nayo kibandani ameivaa, ili tuone wenyewe.

Baada ya wiki nyingi ilitoka namba kumi na moja. Haikuwa tuliyoitaka, lakini tuliifungua palepale tumesimama. Ukurasa wa kwanza, wa Kijani alikuwa anatembea peke yake kwenye mchanga, mzima, ana mikono miwili. Mkono wa kushoto ulikuwa mwekundu.

Shangazi alikaa chini juu ya rundo la viatu vya watu.

"Kampa wake," akasema. "Hakukuwa na spea. Kampa mkono wake mwenyewe."

Tulipekua jarida zima kumtafuta Mwekundu. Hakuwamo hata ukurasa mmoja. Shangazi akasema labda amebaki mahali anatengenezwa, au amekufa. Siku ile hakushona tena. Jioni aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani Ihanja, ingawa lilikuwa la ukoo wangu. Alikuwa na mdogo wake wa kike, ameolewa Kilimatinde. Mama yao alipofariki aliacha cherehani moja ya miguu, ile nyeusi iliyokaa pembeni mwa kibanda chetu, na neno lake la mwisho kuhusu cherehani hiyo kila binti alilisikia kwa namna yake. Shangazi aliichukua usiku uleule wa kuanua matanga. Mdogo wake hakuja tena Ihanja, na wao wawili hawakusemeshana tena.

"Na mimi nina mbili," akasema, akazitazama cherehani zake.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoionea aibu mpaka leo. Siku chache baada ya hapo nilimwomba mwalimu wa darasa kamusi ya Kiingereza iliyokuwa ikikaa kwenye kabati la ofisi. Sikuwa na shaka yoyote. Nilitaka tu kujua maneno ya namba kumi na moja. Nilipofika kwenye herufi ya S nikaliona neno letu, spare, nikasimama kulisoma kwa raha, kama mtu anayekutana na jamaa. Maana ya kwanza ilikuwa spea, kitu cha akiba. Chini yake palikuwa na maana nyingine: kumwacha mtu asidhurike, kutomuua ingawa unaweza.

Nilirudia kusoma mara nyingi. Mwekundu hakuwa ameahidi mkono. Alikuwa amemwambia wa Kijani kwamba leo anamwachia roho yake. Huwezi kumwambia rafiki maneno hayo.

Nilirudisha kamusi. Njiani kurudi nyumbani nilijiambia kwamba maana ya kwanza ndiyo yenye nguvu, la sivyo isingewekwa ya kwanza. Nilijiambia pia kwamba mkono mwekundu upo, nimeuona kwa macho yangu, na lazima ulitoka mahali. Nilipofika kibandani nilimkuta shangazi anaipaka mafuta cherehani ya mama yake, kila tundu, anaifuta kwa kitambaa, na mguu wake umetulia kabisa. Nilishika kitambaa kingine nikamsaidia kufuta.

Likizo ilipofika tukasafiri. Kichwa cha cherehani tulikifunga kwenye kanga mbili, nikakipakata kwenye basi kuanzia Ikungi mpaka Manyoni, mapaja yakafa ganzi. Miguu yake ya chuma iliwekwa chini kwenye buti pamoja na magunia ya alizeti. Nilipanga kumwambia tukifika Manyoni. Tulipofika Manyoni nikapanga kumwambia kabla hatujapata usafiri, lakini kirikuu ya kwenda Kilimatinde, gari dogo la mizigo, ilikuwa tayari inaunguruma, tukapandia nyuma, na kwenye kilima cha njiani upepo ulikuwa mkali, maneno hayakusikika. Shangazi alikuwa anatabasamu huku ameshika miguu ya cherehani isiteleze. Sikuwa nimewahi kumwona akisafiri kwenda mahali alikosema anakwenda.

Mdogo wake alikuwa uani kwake, nyuma ya nyumba za misheni, anapepeta mtama. Walifanana mpaka nikaogopa. Alituona, akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

"Shikamoo, shangazi," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe wa kaka?"

"Ndiyo."

Ndipo akamgeukia dada yake. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuletea mashine ya mama."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimeitumia mpaka juzi."

"Basi kwa nini unaileta?"

Naapa nilitamani ardhi inifunike, kwa sababu nilijua shangazi atasema nini. Alisema, "Kuna roboti mmoja alipondeka mkono, mwenzake akampa wa kwake."

"Robota?" mdogo wake akauliza. "La mitumba?"

"Si robota, ni roboti. Mtu wa chuma. Yuko kwenye kitabu cha mtoto huyu."

Yule mwanamke alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini usoni mwangu. Niliinamisha kichwa nikaanza kufungua kanga. Tukaifunga cherehani palepale uani, mkanda ukawekwa, akaleta kitambaa na uzi wake mwenyewe, akakaa, akashona mstari mmoja mrefu. Alisimama akautazama kwenye mwanga.

"Inavuta uzi," akasema.

"Haivuti. Wewe unakanyaga kwa haraka. Tangu zamani unakanyaga kwa haraka."

Wakahamia Kinyaturu, sauti zikapanda, wakabishana kuhusu uzi, kuhusu kukanyaga, na baadaye, kwa kadiri nilivyofuata, kuhusu mambo yaliyotokea wakati hata baba yangu alikuwa mtoto. Hakuna aliyelia na hakuna aliyekumbatiwa. Tulikula ugali wa mtama. Asubuhi mdogo wake alitusindikiza mpaka mahali pa kirikuu, akamwambia dada yake safari njema, akarudi bila kugeuka. Nilidhani imeshindikana. Shangazi aliniambia hapana, tangu utotoni yule si mtu wa kumsindikiza mtu.

Shule zilipofunguliwa ilitoka namba tatu. Wa Kijani na Mwekundu walikuwa wanachimba kisima pamoja, maji yanaruka, wanacheka. Shangazi aliibandika ukutani. Mimi kila nikiiona niligeuza uso. Nilianza kuomba kimyakimya kwamba mfanyabiashara asilete nyingine, huku siku ya mnada miguu ikinipeleka kwenye turubai vilevile, kwa mbio zilezile.

Alileta namba tisa. Niliiona kabla ya shangazi. Nilifungua katikati, nikaona wa Kijani na Mwekundu wameshikana, cheche zinaruka, nikaifunga. Ningeweza kuifukia chini ya nguo. Lakini shangazi alikuwa ameshaniona nimesimama bila kupekua, akaja.

Siku hiyohiyo mwalimu wetu wa Kiingereza, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, alikuja kujaribu sketi yake. Shangazi, pini mdomoni, alimwomba atusomee, kwa kuwa mtoto huyu leo anasema kichwa kinamuuma. Mwalimu alifurahi. Alisoma akiwa amesimama, sketi imefungwa pini kiunoni, akitafsiri kila sentensi kwa sauti ya darasani. Wa Kijani ametoka chini ya jabali. Amemfuata Mwekundu. Anamwambia, ulinidharau uliponiacha hai. Wanapigana kurasa nne. Mwekundu anaomba basi, yatosha. Wa Kijani anaushika mkono wake wa kushoto.

"Halafu anaung'oa," mwalimu akasema. "Anaufunga kwake mwenyewe. Anaondoka."

Shangazi alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mto wake wa pini.

"Kwa hiyo hakupewa."

"Hakupewa, mama. Aliung'oa."

"Na yule mwingine hakusema atampa spea?"

Mwalimu alitaka kuona. Nilimletea namba saba mwenyewe. Alisoma sentensi ile, akacheka kidogo, akatueleza lile neno na maana zake mbili, kwa upole kabisa. Kisha akaona nyuso zetu, akasema sketi ataijia kesho.

Tulipobaki wawili shangazi aliniuliza, "Ulijua?"

Ningesema hapana angeniamini. Nilikuwa mtoto, na kosa la neno ni kosa la mtoto yeyote. "Nilijua kabla hatujaenda Kilimatinde," nikasema. "Niliona kwenye kamusi."

"Ukanipakatia mashine njia nzima."

"Ndiyo, shangazi."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa kwenye cherehani iliyobaki na kushona mpaka jua likazama, mguu unakanyaga kwa nguvu. Siku tatu alisema nami maneno ya lazima tu: lete maji, funga mlango, kula. Siku ya nne alinituma kwa mwalimu nikamwombe aje kila Jumamosi atusomee upya majarida yote, tangu namba tatu, neno kwa neno. Hakuwa ametaja kwenda kuichukua cherehani. Mimi ndiye niliyeuliza, nikiwa mlangoni.

"Nikaichukue kwa nini?" akasema. "Mama yetu aliacha mashine moja na watoto wawili. Hilo halikuandikwa kwenye kitabu chako. Lakini ungeniambia. Ningekwenda na maneno yangu mwenyewe, si ya mtu wa bati."

Namba nane hatukuipata kamwe. Miaka mingi baadaye, nikiwa nafanya kazi Singida mjini, niliitafuta kwenye simu, nikagundua kwamba kiwanda kiliacha kutengeneza zile roboti, na jarida nalo likasimama muda si mrefu baada ya namba kumi na moja. Niliona picha chache za namba nane. Wa Kijani yuko chini ya jabali kwenye picha zote, anafikiri. Niliizima simu, nikatoka nje, nikazunguka mtaa mara mbili nikijua kwamba sina ninakokwenda.

Lakini kabla ya hapo kuna siku moja ya mnada, miezi kadhaa baada ya safari yetu. Nilirudi kutoka shule nikakuta kibandani mgongo ninaoujua, ila kanga siijui. Shangazi wa Kilimatinde alikuwa amekuja bila taarifa, na furushi la vitambaa vya kwaya ya kanisa lao. Cherehani anayo, alisema, lakini kukata kola ndiko kunakomshinda, na hakuna mwingine wa kumfundisha bila kumringia. Walikuwa wamekaa mkeka mmoja, mkasi katikati.

Nilipomwamkia akaitika, akasema, "Huyu ndiye mwenye roboti?"

Shangazi hakunitetea. Alimweleza yote palepale: spea, kamusi, mkono uliong'olewa. Alieleza bila kunionea huruma na bila kuongeza chumvi. Nilisimama na mkoba mgongoni nikingoja.

"Kwa hiyo alimng'oa?" mdogo wake akauliza.

"Alimng'oa."

"Na wewe ukabeba chuma chote kile mpaka Kilimatinde kwa sababu ya mtoto asiyejua Kiingereza?"

"Nikabeba."

Yule mwanamke alianza kucheka. Alicheka mpaka akalala ubavu juu ya vitambaa vya kwaya, akashika mbavu, akasema kitu kwa Kinyaturu ambacho hakikufaa kusikiwa na mtoto. Shangazi alijizuia, akajizuia, akashindwa. Waliponyamaza, mdogo wake alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwaka ule mama alipofariki," akasema, "hata mimi ningekung'oa."

"Najua," shangazi akasema. "Ndiyo maana niliondoka usiku."

Akaniambia nikae, nivue mkoba, nimsomee mgeni ile namba tisa kuanzia mwanzo, na safari hii nisome sawasawa. Nilikaa ukingoni mwa mkeka. Kurasa mbili za kwanza zilikwenda vizuri, Jumamosi mwalimu alikuwa ametufafanulia neno kwa neno. Ukurasa wa tatu, kwenye kona, palikuwa na neno ambalo mwalimu alikuwa bado hajatufikishia. Nililitazama. Wote wawili walinitazama mimi.

"Hili silijui," nikasema.

"Basi liruke," shangazi wa Kilimatinde akasema.

"Halirukwi," shangazi yangu akasema. Aliuchukua mkasi, akarudi kwenye kola, na kwa kidevu akanionyesha njia ya kwenda kwa mwalimu. Nililiandika neno lile kiganjani kwa kalamu, herufi kwa herufi, nikatoka mbio katikati ya watu wa mnada.